Baba Mfiwa na Kijana Asiyetajwa



Wengi wetu tumekua na matangazo ya vifo redioni. Saa yake ilipofika, nyumba nzima ilinyamazishwa: watoto walikatazwa kucheza, mama aliacha kupepeta mchele, baba akaongeza sauti ya redio. Msomaji alianza na jina la marehemu, akaja kwa wazazi, kwa mume au mke, kwa watoto, ndugu, wajomba, wakwe, mpaka marafiki wa kazini. Kila aliyetajwa alikuwa na nafasi yake msibani. Mjane alijua ataketi wapi. Mkaza mwana alijua jiko lake ni lipi. Hata shemeji wa mbali alijua atachangia nini.

Leo nataka tumzungumzie mtu ambaye sijamsikia akitajwa katika tangazo hata moja. Ni mwanamume aliyeishi na mwanamume mwenzake, wakapendana, wakasaidiana kodi na chakula na ugonjwa, kisha mmoja wao akafa. Na nataka tumtazame kwa macho ya mtu mmoja tu, naye ni baba mzazi wa marehemu. Baba mkali. Baba aliyesema mwanawe alipokuwa hai, "Huyo si mtoto wangu," na sasa maiti iko mochari, amekuwa mtoto wake kuliko alivyopata kuwa.

Najua wako wanaofikiria kuzima redio. Naomba mnivumilie. Sikuja kutoa fatwa wala kuhubiri. Masheikh wapo, wachungaji wapo, na wote wamekwisha kusema yao. Mimi nazungumzia msiba, na msiba tunaujua sote.

Nianze na baba, kwa sababu si haki kumlaumu mtu bila kueleza amebeba nini.

Mzee wa namna hii amelea kwa jasho. Aliuza ng'ombe ili mwana aende shule ya bweni. Alitembea kijijini kifua mbele siku mwana alipopata kazi mjini. Kisha minong'ono ikaanza. Mbona haoi? Mbona kila Krismasi anakuja peke yake? Mbona kila picha yuko na yule yule? Mzee akauliza mara moja, akajibiwa ukweli au akajibiwa kwa kimya, na siku hiyo mlango ukafungwa. Ikapita miaka ya kusemezana kupitia mama tu, na mama mwenyewe alipiga simu akiwa shambani, mbali na masikio ya watu.

Halafu ikaja simu ya hospitali.

Angalieni yanayompata mzee hapo. Ana uchungu wa mzazi aliyefiwa na mwana, ambao hauna kipimo. Juu yake ana deni: neno la mwisho alilomwambia mwanawe lilikuwa la kumfukuza, na wa kuombwa radhi hayupo tena. Mtu aliyebanwa hivyo hutafuta pa kuutua mzigo, na tazama, mbele yake amesimama kijana fulani macho mekundu, hajalala siku tatu, anajua dawa zote za marehemu kwa majina. Basi mzee anamwonyesha kidole. Nimewasikia wazee wakisema, na maneno hayatofautiani sana: "Huyu ndiye aliyemharibu mwanangu." "Mwanangu hakuwa hivyo alipotoka hapa." "Alimtilia dawa." "Alikuwa anamla pesa."

Ninyi mnaosikiliza, pimeni maneno hayo yanafanya kazi gani. Yote yanamtoa marehemu hatiani. Kama kijana huyu ndiye mharibifu, basi mwana aliharibiwa tu. Hakuchagua, hakupenda, hakumkaidi baba yake. Anabaki yule mtoto wa shule ya bweni aliyeuziwa ng'ombe. Mzee anahitaji kijana awe mwovu. Akiwa mtu wa kawaida, mfanyakazi, mwenye huruma, aliyemuuguza mwanawe usiku kucha, basi itabidi mzee akubali kwamba mwanawe alipata kwingine kile alichonyimwa nyumbani. Kwa maoni yangu ukali ule, kwa sehemu kubwa, ni mapenzi yaliyokosa pa kwenda. Sisemi hivyo kumtetea mzee. Anayeumizwa ni mtu mwenye nyama na damu, naye pia amefiwa.

Kuna kijana mmoja aliyenieleza yake na kuniruhusu niyasimulie, mradi nisitaje jina wala mji. Aliishi na mwenzake miaka tisa katika nyumba ya sebule na chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya tatu. Mwenzake akaugua figo. Kijana huyu ndiye aliyekuwa akimpeleka kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, akajifunza chakula gani kina chumvi ya kumdhuru, akalala kwenye kiti cha plastiki wodini. Hospitalini aliandikwa "binamu", kwa kuwa fomu ilitaka jamaa, na wauguzi, Mungu awabariki, hawakuuliza zaidi.

Mwenzake alipofariki, alimpigia simu mama. Mama alilia, akasema, "Asante, mwanangu," kisha simu ikachukuliwa na mtu mwingine. Kuanzia hapo ilikuwa sauti ya mzee. Maiti itasafirishwa nyumbani. Kamati ya mazishi imeshaundwa. Yeye asije. Akionekana, vijana wa boma watamshughulikia.

Siku mbili kabla ya mazishi simu ikalia tena. Mama, kwa sauti ya chini. Walikuwa dukani wakinunua nguo za kumvika marehemu, na katika ukoo mzima hapakuwa na aliyejua anavaa viatu namba ngapi. Kijana akasema, 43, lakini miguu ilikuwa imevimba mwishoni, wachukue 44. Mzee alikuwa amesimama hapo hapo. Alisikia, asiseme kitu. Vikanunuliwa viatu namba 44.

Baada ya mazishi mzee alikuja mjini na pikapu, pamoja na ndugu zake wawili na mpwa. Jambo hili mnalijua. Wajane wetu wanalijua zaidi. Walikuja kuchukua vyombo vya marehemu. Ikashuka friji, ikashuka televisheni, meko ya gesi, sufuria, viti vya sebuleni, hata mapazia. Kijana alisimama kwenye korido, majirani wakichungulia. Hakudai kitu, ingawa friji aliinunua yeye na risiti anayo mpaka leo. Kisha wakaingia chumbani. Humo mlikuwa na kitanda kimoja.

Nadhani mzee alikuwa amejiambia miaka yote kwamba hawa ni vijana wawili wanaochangia kodi. Mjini wako wengi na hakuna anayeshangaa. Lakini kitanda kilikuwa kimoja, huku na huku pana stuli, moja ina dawa za marehemu, nyingine ina miwani ya huyu aliyesimama koridoni. Mpwa akashika spana akaanza kulegeza nati. Mzee alisimama mlangoni kitambo, akasema, "Hicho kiacheni." Wakakiacha, na godoro lake na shuka zake, wakashuka ngazi.

Nilimuuliza kijana aliyaelewaje maneno hayo. Akasema siku ile alijua ni kinyaa, mzee hakutaka kitu kile kifike kwenye boma lake. Baadaye akaanza kufikiri kwamba huenda mzee aliona vibaya kumlaza mtu sakafuni. Mimi nadhani mzee mwenyewe hakujua. Ninachoamini ni kwamba pale mlangoni ndipo alipoiona nyumba ya mwanawe kwa mara ya kwanza. Miaka tisa hakuwahi kuikanyaga.

Mtaniuliza, kwa nini kijana hakwenda polisi na risiti yake? Kwa sababu swali la kwanza lingekuwa, "Wewe ni nani wake?" Hapa Kenya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa kujamiiana "kinyume cha maumbile", na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kwa jirani zetu wa Tanzania adhabu inafika maisha. Uganda ilitunga sheria kali zaidi mwaka 2023. Mtu anayelazimika kukiri kosa la jinai ndipo adai friji, ataiacha friji iende. Kwa hiyo baba mkali wa kwetu hasimami peke yake. Ana chifu nyuma yake, ana askari, ana kitabu cha sheria. Hata Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa 1972 ikaanza kutumika 1981, iliandikwa kwamba mtu akifa bila wasia, bila mke wala mtoto, wa kwanza kurithi ni baba yake.

Na tusijidanganye kwamba ndoa peke yake ingemwokoa. Wenye umri wangu wanaikumbuka kesi ya S. M. Otieno. Wakili yule alifariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, aliyeoana naye kwa ndoa ya serikali mwaka 1963, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, ambako walikuwa na makao. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Maiti ikakaa mochari ya Nairobi zaidi ya siku 150 huku nchi nzima ikifuata kesi magazetini, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ushindi ukoo. Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Mjane wake hakwenda. Mke wa ndoa, mwenye cheti, mwenye watoto, mwenye wakili, aliambiwa mwili wa mumewe ni wa ukoo. Sasa mtieni kijana wetu kwenye mizani hiyo mwone atapima nini.

Lakini ziko nchi zilizoliangalia swali hili na kulijibu tofauti, na mojawapo iko hapa hapa Afrika. Afrika Kusini, mwaka 2005, alifariki Henry Brooks bila kuacha wasia. Alikuwa akiishi na Mark Gory kama mwenza wake wa kudumu. Wazazi wa marehemu wakasema warithi ni wao, na kwa sheria ilivyoandikwa walikuwa na hoja, maana ilimtambua mume au mke tu. Gory akaenda mahakamani. Tarehe 23 Novemba 2006 Mahakama ya Katiba ilisema sheria ile inakiuka katiba kwa kumwacha nje mwenza wa jinsia moja aliyeishi na marehemu kwa kutunzana, na kwamba mrithi ni Gory. Wiki moja baadaye, tarehe 30 Novemba, sheria ya kuruhusu ndoa za watu wa jinsia moja ikaanza kutumika nchini humo. Siwajui wazazi wale na sitaki kuwapaka rangi. Nataka tu mzione hoja mbili zilizokutana katika chumba kimoja cha mahakama: damu inasema ni wetu, na miaka ya kuishi pamoja inasema ni wangu pia.

Marekani nayo, kesi iliyofungua ndoa hizi nchi nzima mwaka 2015 ilianzia kwenye cheti cha kifo. John Arthur wa Cincinnati, Ohio, alikuwa anakufa kwa ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu na kulegeza misuli, na Ohio haikuruhusu wala kuitambua ndoa kati yake na mwenza wake, Jim Obergefell. Julai 2013 walikodi ndege ya wagonjwa mpaka Maryland, wakafungishwa ndoa ndani ya ndege, uwanjani, na aliyewafungisha ni shangazi yake John. Arthur akafariki Oktoba mwaka huo. Nilipoisoma kesi ile lililonigusa zaidi ni makaburi. Arthur alitaka azikwe kwenye makaburi ya ukoo wao, na Jim siku yake ikifika alazwe kando yake, lakini masharti ya makaburi yale yaliruhusu wazao wa ukoo na wenzi wao wa ndoa tu. Bila cheti kumtaja kama mwenzi wa ndoa, Jim angekuwa mtu baki hata ardhini. Na katika jamaa za John huyo huyo alipatikana shangazi wa kufungisha ndoa. Basi ukoo si kitu kimoja. Ndani ya kila ukoo kuna mama anayepiga simu kwa sauti ya chini na kuna shangazi anayepanda ndege.

Kabla ya sheria hizo, wakati wa miaka mibaya ya UKIMWI huko Marekani, wenza wengi walifukuzwa msibani. Familia zilichukua maiti, zikaandika tanzia bila kumtaja aliyeuguza, zikazika kwa faragha. Waliofukuzwa wakatengeneza msiba wao wenyewe. Cleve Jones na wenzake wa San Francisco walianza kushona vipande vya kitambaa, kila kipande futi tatu kwa sita, kipimo cha kaburi, kila kimoja na jina la marehemu. Tarehe 11 Oktoba 1987 walivitandaza katika uwanja mkubwa wa Washington, vipande 1,920. Wako marehemu walioshonewa zaidi ya kipande kimoja, kimoja na jamaa zake na kingine na mpenzi wake, kwa sababu watu waliompenda hawakuweza kukaa meza moja hata kushona. Navifikiria vipande hivyo kila ninaposikia mzee akisema, "Huyo hahusiki."

Anahusika. Mwandishi wa Marekani Kenneth Doka aliandika mwaka 1989 juu ya majonzi ambayo jamii haiyatambui: mtu amefiwa, lakini hana ruhusa ya kufiwa. Kijana wangu alirudi kazini Jumatatu. Angeombaje ruhusa? Amefiwa na nani? Hapakuwa na aliyempigia kumwambia pole, hapakuwa na uji uliopikwa, hapakuwa na wazee waliokuja kukaa naye kwenye mkeka. Na hapa ndipo ninapokasirika, nakiri, kwa sababu sisi ndio watu wa matanga. Tunakwenda matanga ya jirani tuliyenuniana naye. Tunafunga duka tukamzike mtu tuliyekutana naye mara mbili. Mila yetu yote ya msiba imejengwa ili mfiwa asiachwe peke yake na usiku wake. Wanaosema wanailinda mila kwa kumfukuza kijana huyu waniambie ni mila ipi hiyo inayomwacha mfiwa akilia chumbani na mlango umefungwa kwa ndani.

Tumrudie mzee. Miezi kadhaa baada ya kisa cha pikapu, kijana alipokuwa akigeuza godoro alikuta bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi za Sacco ya kazini kwa marehemu: akiba, hisa, na nakala ya fomu ya kumtaja mtu atakayelipwa akifa. Jina lililoandikwa ni la baba yake. Marehemu aliijaza fomu ile baada ya kufukuzwa nyumbani, na tarehe ilikuwa pale pale chini, karibu na sahihi.

Kijana angeweza kuichoma. Aliituma kwa basi.

Mzee akapiga simu. Hakushukuru. Aliuliza, "Umeipata wapi?" Kijana akajibu, "Chini ya godoro, mzee." Kikawa kimya kirefu hata akadhani laini imekatika. Kisha mzee akauliza, "Alikuwa akinitaja?"

Swali hilo, wasikilizaji, duniani kote lina mtu mmoja tu wa kulijibu. Mama hawezi, chifu hawezi, kamati ya mazishi haiwezi. Miaka tisa ya mwana, alicheka nini, aliogopa nini, alimsemaje baba yake usiku, yote iko kwa mtu ambaye mzee aliagiza apigwe akionekana. Kijana akajibu, "Kila timu yako ya Leopards ikifungwa alikuwa anasema, leo mzee hatakula."

Mzee alikata simu. Siku chache baadaye akapiga tena, kuuliza kama mwanawe aliteseka mwishoni. Mara nyingine akauliza kama alikuwa akienda kanisani. Mara nyingine aliuliza juu ya kovu la mkononi, lilitokana na nini. Kijana hujibu kila swali, kwa adabu, bila kuongeza chumvi. Mzee hajawahi kumwita kwa jina. Hajarudisha friji. Na kijana alipoomba aende kuliona kaburi, aliambiwa, "Bado."

Wako watakaosema nisimharakishe mzee, ametoka mbali. Kweli ametoka mbali. Lakini anayesubiri naye ni mfiwa, na yeye hakupewa hata konzi moja ya udongo ya kutupa kaburini. Haiwi sawa mzee achote kwa kijana kila anachotaka kukijua juu ya mwanawe, kisha amnyime mahali pa kusimama.

Kwa hiyo, mzee wangu, kama redio yako iko wazi, na naambiwa wewe ni mtu wa redio: kijana huyu haombi shamba wala hataki kutajwa mbele ya watu. Nauli anayo. Anaweza kuja siku ya kazi, asubuhi, watu wakiwa mashambani, aongozane na mama mpaka kaburini, kisha apande gari arudi. Anaomba siku moja tu. Mtajie siku.